Mwaka Niliompa Kipara Pacha

Niseme la aibu kwanza, tumalizane nalo: mimi Kiingereza sijui. Sikijui leo, na sikukijua mwaka ule ambao nyumba nzima ya Bi Nuru, vyumba sita na uani kwake, ilikuwa inanikalisha mbele kila Jumapili jioni niwatafsirie mchezo wa hospitali kwenye televisheni. Niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe nilikuwa nakaa dirishani naangalia barabara. Nilichokuwa nafanya ni kuangalia midomo ya Wazungu, nani analia, nani kakunja uso, nani kampa nani mgongo, halafu natunga. Watu wanacheka, watu wanatoa machozi, mimi napewa kiti chenye mto. Ingekuwa imeishia hapo ningekusimulia huku nacheka, maana kujicheka ndiyo elimu pekee niliyohitimu. Lakini pale uani alikuwepo mtu mmoja mwenye donda mguuni ambaye alikuwa ananisikiliza kuliko wote, na alinisikiliza mpaka mwisho.

Mwezi uliopita Chande alinipigia simu. "Dokta, kama unataka kuiaga nyumba ya Bi Nuru njoo leo. Kesho utaikuta kwenye lori." Hilo la Dokta ndilo jina nililobaki nalo tangu mwaka ule, wanangu wamekua wakidhani baba yao aliwahi kuwa nesi mahali. Nikaenda. Kariakoo nayo siku hizi ukikaa miezi mitatu hujaenda unapotea, kila uchochoro umeota ghorofa. Nikamkuta Chande kasimama nje ya uzio wa mabati, kitambi mbele, mikono nyuma, kama mkaguzi. Ndani kijiko cha kubomolea kilikuwa kimeshakula upande wa barabarani, na vyumba vimebaki wazi kama makabati. Chumba changu na Chande bado cha bluu, ile rangi tuliyopaka wenyewe tukabakiza kona moja. Cha pili yake, kijani. Nikakiangalia hicho cha kijani, nikaona na msumari wa kutundikia tepu ya kupimia bado upo ukutani. Nikasema nikae chini kidogo. Chande akaniletea tofali.

Wewe ambaye hukuzikaa nyumba zile nikueleze. Ukuta wa chumba na chumba hauendi mpaka juu. Unaishia mahali mtu mrefu angeweza kunyoosha mkono akampa jirani kiberiti, halafu juu ni paa moja la wote. Kwa hiyo mnapanga vyumba sita lakini mnaishi chumba kimoja. Anayekohoa mnamsikia, anayegombana mnamsikia, na anayekula kuku siku ya kazi mnamsikia kwa pua. Mimi na Chande tulikuwa vijana wa mitumba. Ruksa ya biashara imeshakuja, kila kitu kinauzwa, sisi tunachukua mashati kwenye belo, tunayafua pale uani, tunayapiga pasi ya mkaa mpaka yananyooka kama ya dukani, jioni tunayatundika Mtaa wa Kongo. Chande alikuwa anafua, mimi napiga pasi. Tuligawana hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa najua kupuliza mkaa bila kumwaga jivu kwenye kola. Huo ndio ujuzi wangu wa kweli, na ningebaki nao huo huo tu ningekuwa mtu salama.

Televisheni ilikuwa ya Bi Nuru, mwenye nyumba, mama wa Kiarabu aliyefiwa na mume, duka la nazi na viungo hapo mbele. Ndiyo kwanza stesheni zimeanza, na televisheni mtaa mzima unazihesabu kwa vidole. Bi Nuru hakuwa mchoyo. Kila Jumapili baada ya alasiri aliisogeza mwisho wa ukumbi, akaigeuza itazame uani, akaitoa kitambaa chake cha kusuka kama anamfunua bibi harusi. Kila chumba kinakuja na cha kukalia chake: kigoda, mkeka, ndoo iliyopinduliwa. Mchezo ulikuwa wa hospitali, wa Ulaya huko. Kwao ulikuwa unaendelea miaka na miaka, watu wamezaliwa wameukuta. Sisi tuliletewa kipande cha mwaka mmoja tu, cha katikati, hatujui mwanzo wala mwisho. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza tumekaa watu ishirini tunaangalia Wazungu wanakimbizana na vitanda, hakuna anayejua nani ni nani. Bi Nuru akauliza, "Hapa hakuna hata mmoja aliyesoma?" Chande, mshenzi yule, akasema, "Hemedi kasoma. Kidato." Hakusema cha ngapi. Bi Nuru akanigeukia. "Haya Hemedi, anasema nini huyo mwenye kipara?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Nimeifikiria hiyo nafasi miaka mingi. Ilikuwa ndogo, kama ya kupitisha kiberiti. Nikasema, "Anasema hospitali hii ni yake, na asiyetaka kunawa mikono aondoke." Watu wakacheka, wakasema kweli kabisa, hata hapa kwetu wangenawa. Basi. Nikawa mkalimani, na uani wakaanza kuniita Dokta.

Majina ya wale Wazungu tuliwapa wenyewe. Mganga mkuu, mzee wa watu, mpasuaji hodari, tulimwita Kipara. Nesi mrefu tukamwita Sista Mlingoti. Kipara ndiye aliyekuwa kipenzi cha uani. Mkali, lakini akishamaliza kufoka anakaa peke yake chumbani kwake anakula biskuti kwa siri, na Fundi Mfaume aliipenda sana hiyo ya biskuti, kwa sababu na yeye alikuwa anakula kwa siri.

Fundi Mfaume ndiye mwenye chumba cha kijani. Fundi cherehani, mtu wa miaka hamsini na kitu, kofia ya mkono kichwani, tepu shingoni hata akienda msikitini. Kazi alikuwa anafanyia kwenye baraza la duka la vitambaa la Mhindi mmoja, Kanti, mtaa wa pili. Ndivyo ilivyokuwa: mteja ananunua kitambaa ndani kwa Kanti, akitoka mlangoni anamkuta Fundi, anapimwa hapo hapo. Walikuwa wamekaa hivyo miaka kumi na tisa, mmoja ndani, mmoja nje, wanagombana kuhusu feni. Mimi na Chande alitupunguzia suruali za Wazungu wanene bure, anasema, "Lete hizo hema zenu." Na Ramadhani yote tulifuturu kwake, mihogo ya nazi na tambi, kwenye mkeka mmoja na mkewe, Mama Tatu. Yeye mwenyewe tambi alikuwa hali. Alikuwa na sukari. Mama Tatu anampimia dona na mchicha kama anayempimia mfungwa, na chai anampa bila sukari. Mchana mimi namwona barazani kwa Kanti ana kashata ndani ya kopo la vifungo.

Siku moja alikanyaga sindano yake mwenyewe, akakaa nayo siku nzima bila kusikia chochote, akaiona jioni anavua soksi. Sukari ndivyo inavyofanya, mguu unakuwa kama wa jirani. Likawa kidonda, kikawa hakikauki. Mama Tatu akampeleka hospitali kubwa, wakamwambia bila kuzunguka: kidole gumba na cha pili vitoke, vitoke sasa hivi, kabla haijapanda. Fundi akarudi nyumbani akakaa mlangoni kwake na mguu juu ya kigoda. "Wanataka kidole gumba," akatuambia. "Sasa cherehani naikanyaga na nini? Kidole gumba ndiyo injini." Chande akamwambia, "Fundi, utakanyaga na kisigino, sisi mbona tunaendesha maisha kwa kisigino." Akacheka. Akaomba hospitali wamngoje mpaka Idi ipite, maana nguo za Idi zilikuwa zimemjaa. Idi ikapita. Akasema mpaka Idi ya mfungo tatu. Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka, Mama Tatu anachoma udi asubuhi na jioni na sisi wote tunasema udi mzuri.

Na wiki hizo hizo, nisingeweza kutunga hata mimi, Kipara akapata donda mguuni.

Sijui alilipata vipi. Nilikuwa nimeshasema habari nyingine kuhusu ule mguu kabla sijaelewa ni mguu. Lakini Jumapili hiyo ilionekana wazi hata kwa kipofu: Kipara yuko kitandani hospitalini kwake mwenyewe, wanafunzi wake wamemzunguka, mmoja kashika picha ya mifupa anaielekeza kwenye taa, anapitisha kidole hivi, kwamba tukate hapa. Kipara anatikisa kichwa. Nikageuka nikamwona Fundi Mfaume kasogeza kigoda chake mbele, mguu wenye bandeji kaunyoosha, mdomo wazi. Halafu Kipara akaongea. Akaongea muda mrefu, sauti ya chini, anaangalia dirishani. Na watu ishirini wananiangalia mimi.

"Anasema," nikasema, "nimekuja duniani na miguu miwili, nitarudi kwa Mungu na miwili."

Nakwambia uani kulitoka mguno. Bi Nuru alijifuta macho na upande wa mtandio. Fundi hakulia. Alirudia yale maneno taratibu, kama mtu anayepima kitambaa kabla hajakata, halafu akasema, "Huyo ndiyo mwanamume." Jioni ile nilitumiwa sahani za pilau kutoka vyumba viwili. Nilizila zote mbili. Naendelea kuwa mkweli: zilikuwa tamu, na nilijisifia kwa Chande kwamba yale maneno nimeyatoa kichwani mwangu mwenyewe. Chande akasema, "Mazuri. Ungeyaweka kwenye khanga."

Wiki zilizofuata Kipara akaanza kwisha. Uso umeingia ndani, jasho, mashine pembeni yake inachora milima. Fundi Mfaume naye alikuwa anakuja uani amemshika Mama Tatu bega, anakaa mbele kabisa karibu na mimi. "Anaendeleaje leo?" ananiuliza kabla hata picha haijakaa sawa. Ningesemaje? Ile milima ya mashine Jumapili moja ikalala, ikawa mstari. Sista Mlingoti akamfunika Kipara shuka mpaka usoni. Nikasikia pumzi ya Fundi pale pembeni imekatika. "Kalala," nikasema haraka. "Wamemchoma sindano ya usingizi. Mwanga unamsumbua macho." Mtoto mmoja akasema mbona analia yule nesi, nikasema kafurahi, homa imeshuka.

Nikaomba Mungu wiki ile umeme ukatike. Ulikuwa mwaka wa mgao, tulikuwa tunakaa gizani siku tatu kwa wiki, lakini Jumapili ile uliwaka kama wa ikulu. Picha ya kwanza tu, jeneza. Limebebwa na wanafunzi wa Kipara wote sita. Juu ya jeneza, picha ya Kipara kwenye fremu, anatabasamu. Uani wakaanza, "Aaa! Aaa! Kafa!" Fundi alishika goti la ule mguu wenye bandeji. Na mimi mdomo ukafunguka wenyewe.

"Siyo yeye," nikasema. "Ni pacha wake."

Nilidhani watanitupia ndoo. Badala yake mama mmoja akapiga makofi. "Kumbe wapo Kulwa na Doto!" Hapo ikawa imeshatoka mikononi mwangu. Kila mtu alikuwa na mapacha kwao, kila mtu alikuwa na ushahidi. Kulwa akiumwa Doto anapona, mmoja anamchukulia mwenzake ugonjwa, shangazi wa fulani ilikuwa hivyo hivyo. Walimzika Kulwa wa Ulaya vizuri kabisa, Bi Nuru akamsomea na fatiha, Muislamu asiwe Muislamu. Fundi aliningoja mpaka watu wameinuka. "Kwa hiyo Kipara ndiye Doto, yupo?" "Yupo, Fundi." "Na mguu wake?" Nikamwangalia. Uso ulikuwa wa mtoto anayesubiri kuambiwa kafaulu. "Unakauka," nikasema. "Kaenda kupumzika kwao, ndiyo maana hatutamwona tena."

Alfajiri ya siku ya tatu yake nilikuwa macho, nawasha mkaa wa pasi pale mlangoni, mlango wazi. Juu ya ukuta ikaja sauti ya Mama Tatu. Hakuwa anafoka, na angefoka ingekuwa afadhali.

"Baba Tatu, nakuomba. Ugonjwa umefika kifundoni. Nimeuona jana nikikuosha. Mguu umekuwa mweusi."

"Utakauka."

"Utakaukaje? Nani kakwambia unakauka?"

"Wewe si unaangalia mwenyewe? Yule ni daktari. Mganga mkuu. Kakata miguu ya watu mia. Ilipofika zamu yake kakataa, na kapona. Sasa mimi mshona suruali nijifanye najua kuliko yeye?"

"Baba Tatu."

"Nimekuja na miwili, Mama Tatu. Nitarudi na miwili."

Halafu kile kilio cha mtu aliyejiziba mdomo na khanga. Mimi nimekaa na pasi mkononi. Shati lilipoanza kufuka moshi Chande ndiye aliyeinuka akanipokonya pasi. Alikuwa amesikia na yeye, nyumba nzima ilikuwa imesikia.

"Mwambie," akasema.

"Labda kweli hajafa," nikasema. "Sijui Kiingereza, Chande. Labda kweli walikuwa mapacha."

Chande akanyanyua lile shati, lina tundu la umbo la pasi mgongoni, akaniangalia kupitia lile tundu. "Hemedi. Jeneza halina Kiingereza."

Nikaenda asubuhi ile ile. Nilimkuta Fundi anakunywa chai yake isiyo na sukari, nikamsalimia, "Shikamoo Fundi," akaitikia "Marahaba Dokta," nikapiga magoti kabisa. Nikamwambia Kipara kafa. Nikamwambia kafa kwa ule mguu, na pacha hakuna. Akaniangalia kwa huruma, huruma kabisa. "Mama Tatu kakuomba useme hivyo," akasema. "Hapana Fundi, wallahi." "Usiape bure. Kamwomba shehe aje, kamwomba Bi Nuru, jana kamwomba muuza maji. Mimi siwalaumu. Mke anayekupenda atafanya nini?" Akanikatia kipande cha muhogo wake wa kuchemsha, akanipa. Nikakaa hapo natafuna muhogo, uongo wangu umekuwa mkubwa kuliko mimi. Ukweli nao ndio kwanza nausema, na hauna hata bandeji ya kujifunika. Mtu aliyesema uongo miezi mizima kwa sauti nzuri, ukweli wake unatoka na sauti gani? Mpaka leo mke wangu nikimwambia naumwa kichwa anauliza mara mbili, na nampa haki.

Nilifikiri nani anajua Kiingereza cha kweli, nikamkumbuka Kanti. Kanti alikuwa anakaa Upanga, na televisheni alikuwa nayo kabla yetu. Nikaenda dukani mchana. Fundi yuko barazani na cherehani, mimi nikapenya ndani kwenye marobota ya vitambaa.

"Tajiri, mchezo wa hospitali unaangalia?"

"Naangalia. Mama yangu ndiyo hakosi."

"Yule mzee mwenye kipara."

Kanti akaweka chini mkasi. "Maskini. Kafa vibaya yule."

Kumbe moyoni bado nilikuwa namngojea Doto. "Kafa kwa nini, Tajiri?"

"Ubishi. Wenzake wote wanamwambia kata, kata, yeye hataki. Sumu imeingia kwenye damu. Kwani nyinyi hamjaona?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, nimeshika kitambaa cha teitei cha watu nakikunja nakikunjua. Kanti hakucheka hata mara moja, na mtu ukimsimulia habari yangu asicheke ujue mambo yameharibika. Alitoka nje bila kuvaa viatu vyake vya dukani. Mimi nyuma.

"Fundi," akasema. "Yule daktari kafa."

Fundi hakuinua macho. "Aliyekufa Kulwa, Tajiri."

"Kulwa nani?"

"Pacha wake."

"Hapana pacha! Mimi naangalia mchezo huu tangu niko kijana nasoma nje, miaka yote, hakuna pacha!"

"Alikuwa anakaa mbali," Fundi akasema kwa upole, kama anayemwelewesha mteja kuhusu upindo. Halafu akanigeukia mimi. "Dokta, alikuwa anakaa wapi vile?"

Wote wakanitazama. Kanti, Fundi, na mama mmoja aliyekuwa amepimwa tena kwa ajili ya gauni lililo kwenye cherehani, mikono bado ameinyanyua. Ndiyo mara ya kwanza nikaona vizuri: Fundi alikuwa anakanyaga cherehani na mguu mmoja wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala pembeni kwenye boksi, umefunikwa na mabaki ya vitambaa, na nzi.

"Hakukaa popote, Fundi," nikasema. "Nilimtunga mimi. Jeneza lilipokuja niliogopa."

Gurudumu la cherehani likazunguka peke yake kidogo, likasimama. Fundi akavuta uzi, akaukata kwa meno, akakunja lile gauni vizuri akampa yule mama. "Litabaki upindo," akamwambia, "utamaliziwa na mwingine." Kisha akamwambia Kanti, "Tajiri, gari yako inayo mafuta?"

Kanti alifunga duka saa nane mchana, siku ya kazi, kitu ambacho Kariakoo hakijawahi kuonekana. Tulimpandisha Fundi kwenye pikapu juu ya robota la khaki. Hospitali walimwangalia, wakamwita Mama Tatu pembeni. Vidole viwili vile vya mwanzo vilishapitwa. Sasa ilikuwa kukata juu ya goti, na kesho asubuhi, na hata hivyo Mungu ndiye ajuaye. Fundi akasema sawa.

Alikaa wodini siku tisa. Nilienda kila jioni saa ya kuona wagonjwa, nasimama nje ya mlango na kopo la uji wa ulezi nilioupika mwenyewe na kuuchoma mwenyewe, Mama Tatu anatoka analipokea, mimi narudi kwa miguu. Siku ya nane akatoka akasema, "Anakuita." Nikaingia. Hospitali ya kweli haifanani na ile. Hakuna anayekimbia, hakuna mashine inayochora milima, kuna vitanda vingi na watu wamelala wanaangalia feni. Fundi alikuwa amekonda, kofia bado kichwani. Shuka upande wa kulia ilikuwa imelala chini mapema.

"Kaa, Dokta."

Nikakaa.

"Kitu kimoja tu. Yale maneno. Nimekuja na miwili. Yule mzee kweli alisema hivyo?"

Nilikuwa nimeshachoka kutunga. "Sijui alisema nini, Fundi. Mimi Kiingereza sijui."

"Hujui yale maneno?"

"Sijui hata moja."

"Tangu Jumapili ya kwanza? Na ile ya kunawa mikono?"

"Na ile ya kunawa mikono."

Halafu tumbo lake likaanza kutikisika. Akacheka, bila sauti, machozi yanatoka, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka, mpaka Mama Tatu akaja mbio. Mimi sikucheka. Ndiyo siku pekee maishani nilikosa. Alipotulia akanishika kifundo cha mkono, vidole vyake vya moto sana. "Maneno mazuri lakini," akasema. "Laiti yangekuwa mabaya." Akafumba macho. Kesho yake alasiri, akafa.

Bi Nuru aliifunika televisheni na kitambaa chake siku arobaini. Ilipofunuliwa mchezo wa hospitali ulikuwa umekwisha, wameleta mwingine wa watu matajiri, na hakuna aliyeniomba nitafsiri. Waliangalia hivyo hivyo, kimya, kila mtu na tafsiri yake. Kile kiti chenye mto nilikuwa nakiona kimewekwa, hakikaliwi. Mama Tatu alihamia Buguruni kwa mdogo wake, alinikuta mara moja sokoni akanisalimia, "Hujambo Dokta," akapita na kikapu chake. Wala si kwa ubaya, alishalizoea tu jina. Nilikaa nyuma ya meza ya mitumba nusu saa nzima, Chande anawaambia wateja nimekula dagaa wabovu.

Hayo yote nilikuwa nayafikiria pale juu ya tofali mwezi uliopita, kijiko kinakuja kinarudi, mpaka kikafika kwenye kijani. Dereva hakujua, angejuaje. Kiligusa mara moja tu, ukuta ukakaa chini, vumbi likatuchukua wote wawili. Tukakohoa. Na kwenye lile vumbi, ambamo Chande haoni uso wangu, nikasema kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu miaka yote hiyo ya kuchekesha watu. Nikasema, "Chande, mimi nilimuua Fundi."

Chande alijipangusa kwanza shati, mbele, mabega, kola, taratibu, kama bado tunaliuza. Halafu akanipangusa na mimi.

"Acha kujipa ukubwa," akasema. "Wewe hata yule wa kwenye televisheni, aliyekufa tayari, ulishindwa kumuua."